Idodi Si Mahali pa Kupita Tu



Kila likizo inapokaribia, ndugu wengi hutuuliza: "Je, watoto twaweza kuwapeleka wapi, wakaone vilima na wanyama, wakajifunza habari za wazee wetu, wala fedha ya nyumba isiishe?" Swali hili ni jema. Nasi twataka kulijibu kwa kueleza safari zetu mbili za Idodi, katika mkoa wa Iringa. Safari ya kwanza tuliiharibu wenyewe. Ya pili ilitufundisha. Tutazieleza zote mbili, maana mtu akisoma kosa la mwenzake hana haja ya kulirudia.

Idodi iko magharibi ya mji wa Iringa, katika njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mji wa Iringa uko juu, penye baridi. Ukiifuata njia ile washuka kidogo kidogo. Miti yabadilika, mibuyu yaanza kuonekana, na joto laongezeka, hata ufikie nchi iliyo chini, yenye vilima kandokando. Huko maji yatokayo milimani huongozwa kwa mifereji mpaka mashamba ya mpunga. Wenyeji wengi ni Wahehe, na pamoja nao wako Wabena, Wagogo, Wasangu, na wafugaji Wamasai. Lakini wageni wengi hulisoma jina la Idodi katika kibao cha njiani tu, kisha hupita. Sisi nasi tulipita.

SAFARI YA KWANZA

Tulitoka Mbeya katika likizo fupi ya mwezi wa Septemba. Tulikuwa na siku nne tu, na shauri letu lilikuwa moja: watoto wakamwone tembo na simba. Tuliazima gari la ndugu yetu, tukaondoka kabla ya jua kuchomoza, tukapita kila mahali mbio. Tulipita Isimila, tulipita Kalenga, tulipita njia panda ya Mlambalasi. Hapo kijana wetu mkubwa aliuliza, "Baba, si huku ndiko alikofia Mkwawa?" Tukamjibu, "Ndiko, lakini jua linakwenda." Hatukusimama.

Tulipofika Idodi tuliendelea kwa mwendo ule ule, na njia ilikuwa ya vumbi tupu. Mbele ya nyumba moja mama mmoja alikuwa ameanika mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa, meupe kabisa, juu ya mkeka, tayari kwa kusagwa. Tulimwona akiinua mkono. Watoto nao wakampungia, maana walidhani anatusalimu. Tulipogeuka kutazama nyuma, hatukuona mama wala mkeka, ila vumbi.

Katika hifadhi tuliwaona tembo, na watoto walifurahi. Lakini mto Ruaha Mkuu, tuliousifu kwao njia nzima, ulikuwa mchanga kwa sehemu kubwa, na viboko walikuwa wamesongamana katika vidimbwi vilivyobaki. Mtoto wetu mdogo akauliza, "Maji yamekwenda wapi?" Tukamwambia, "Sasa ni kiangazi." Jibu hilo halikuwa uongo, lakini wala halikuwa kweli yote, nasi tulijua hivyo. Tukarudi nyumbani tumechoka, tuna picha nyingi na majibu machache.

SHAURI LA NYUMBANI

Hata mwaka uliofuata, tulipotaka kwenda tena, hatukuanza na gari. Tulianza na kikao. Tuliketi mezani wote, wakubwa kwa wadogo, tukampa kila mtoto nafasi ya kuchagua swali moja litakalokuwa lake. Kijana mkubwa alichagua habari za Mkwawa. Binti yetu akasema, "Nataka kujua watu wa Idodi huishije na wanyama wale, maana sisi tuliwaona siku moja tu, lakini wao wako nao kila siku." Mdogo akarudia swali lake la maji. Tukaahidiana kwamba hatutapita tena mahali ambapo swali mojawapo laweza kujibiwa.

Kisha tulichagua majira. Katika nchi ile mvua hunyesha kwa kawaida tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na wakati huo njia za hifadhini huharibika. Kuanzia Juni hata Oktoba ni kiangazi, na wanyama hukaribia mito. Tukachagua mwisho wa Juni, shule zikiwa zimefungwa, na watu wa Idodi wakiwa katika mavuno ya mpunga. Tulitenga siku nane badala ya nne.

Fedha tuliweka katika kibubu tangu Januari. Tuliigawa mafungu manne: fungu la njia, fungu la chakula na malazi, fungu la ada za hifadhi, na fungu la wenyeji, yaani ujira wa kijana wa kutuongoza, na bei ya vitu tutakavyonunua kwao. Fungu hili la nne katika safari ya kwanza halikuwapo kabisa. Twawasihi wenzetu wasilisahau.

Tena tulimpigia simu mwalimu mwenzetu wa zamani, aliyestaafu akakaa Idodi, tukamwomba ruhusa ya kufikia kwake. Akajibu, "Njoni. Vyakula vya dukani acheni huko huko; leteni mikono, tunavuna."

Vitu tulivyofunga ni hivi: sweta, kwa kuwa Iringa mwezi wa Juni na Julai ni baridi kweli, vyandarua, kwa kuwa nchi ya chini ina mbu wa malaria, viatu vya kufunika mguu, taa ya mkononi, dawa chache, na daftari moja kwa kila mtoto. Nguo zilikuwa za rangi hafifu, maana mbung'o wa Ruaha huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na kuuma kwao si mchezo.

NJIANI

Kutoka Mbeya kwenda Iringa barabara kuu yapita kando ya uwanda wa Usangu. Tulisimama Chimala, tukawaonyesha watoto milima upande mmoja na mashamba ya mpunga upande wa pili, yakienea hata macho yasifike mwisho. Tukamweleza mdogo wetu: Mito itokayo safu za Uporoto na Kipengere hushuka katika uwanda huu, hukusanyika katika bwawa la Ihefu, kisha hutoka ikiwa mto mmoja, ndio Ruaha Mkuu. Mto huo hupita hifadhini, huenda Mtera na Kidatu unakofanyiwa umeme, ukaingia Rufiji mpaka baharini. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Mwaka 1993 ulikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na tangu hapo umekuwa ukikatika kiangazi baada ya kiangazi. Sababu kubwa waliyoitaja wataalamu ni maji mengi kuchepushwa huku juu kwa kilimo, hata katika miezi mikavu.

Mtoto akafikiri kidogo, akauliza, "Na mchele wetu wa nyumbani watoka wapi?" Tukamwambia, "Watoka hapa." Akasema, "Basi maji ya viboko tumeyala sisi."

Hatukucheka, maana alisema kweli. Lakini hatukumwacha awalaumu wakulima peke yao. Nao wana watoto, nao wauza mchele kwa sababu sisi twaununua. Tulimwambia kwamba mfereji usiovuja, na maji yanayorudishwa mtoni shamba likiisha kunywa, ni wema unaofika mbali kuliko macho ya mkulima. Akaandika hayo katika daftari lake, kwa maneno yake mwenyewe.

Kabla ya kufika Iringa, yapata kilomita 20, tulisimama Isimila. Hapo pana korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua, na chini yake zimetapakaa zana za mawe za watu wa kale. Mahali hapa palijulikana kwa wataalamu mwaka 1951, na palichimbwa mwaka 1957 na 1958. Zana hizo zimekadiriwa kuwa na umri wa miaka zaidi ya 200,000. Watoto walitazama jiwe lililochongwa pande mbili, wakashangaa kwamba mkono kama wao ulilifanya. Tulilala Iringa, na sweta zikatufaa.

KALENGA NA MLAMBALASI

Asubuhi tulikwenda Kalenga, karibu na mto Ruaha Mdogo, palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa. Hapo kijana wetu mkubwa ndiye aliyekuwa mwalimu, maana alikuwa amejifunza habari zake miezi mingi. Alitusimulia jinsi Wahehe walivyolishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Jinsi Wajerumani walivyorudi na mizinga wakaivunja Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894. Na jinsi Mkwawa alivyoendelea kupigana porini karibu miaka minne, akihifadhiwa na watu wake, ingawa kichwa chake kilitangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona amefikiwa, alijipiga risasi asishikwe hai. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Katika makumbusho ya Kalenga tuliliona fuvu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza vita kuu ya kwanza, ulikuwa na kifungu kilichotaka lirudishwe. Lakini halikurudi mpaka mwaka 1954, Gavana Twining alipolileta kutoka makumbusho ya Bremen akamkabidhi Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Ilikuwa imepita miaka 56.

Kutoka hapo tulifuata njia ya Idodi mpaka njia panda ya Mlambalasi, na safari hii tulikata kona. Mlambalasi ni kilima cha miamba mikubwa, chenye pango ambamo watu waliishi zamani za kale wakaacha zana zao. Huko ndiko liliko kaburi la Mkwawa. Kijana wetu alisimama kando ya kaburi, akasema, "Kichwa kiko Kalenga na mwili uko hapa. Mwaka jana tulipita kati yake tusijue." Tulinyamaza wote. Hatukuwa na la kumfundisha.

SIKU ZA IDODI

Tulifika Idodi kabla ya jua kutua, maana kusafiri usiku katika nchi ya tembo si busara. Mwalimu na mkewe walitupokea uani. Watoto tulikuwa tumewafundisha salamu ya Kihehe, "Kamwene," nao waliisema wamepiga magoti kidogo mbele ya wazee. Mama mwenyeji alifurahi, akawaambia, "Hapa si hotelini. Mimi ni bibi yenu."

Siku mbili tulifanya kazi shambani. Binti na mama yake walipepeta mpunga pamoja na wanawake wa jirani. Kijana na baba yake walibeba magunia. Siku ya tatu kijana wa kijijini alitupandisha kilima. Tulianza alfajiri kabla ya joto, na kila mtu alichukua maji yake mwenyewe. Kiongozi wetu alijua mti utumikao kwa mpini, na mti wa dawa, na mti usioguswa. Tulipofika juu tuliona mashamba ya mpunga yaliyovunwa, na mifereji iking'aa kama nyuzi, na upande wa magharibi pori la hifadhi likienda mbali bila mwisho. Binti yetu akauliza, "Mpaka uko wapi?" Kijana akacheka, "Wewe wautafuta kwa macho? Tembo nao hawauoni."

Usiku ule ule tulisikia madebe yakipigwa na watu wakipiga kelele. Watoto waliamka kwa furaha, maana walijua ni tembo. Lakini mwalimu alikaa kitandani, akasema taratibu, "Ni katika shamba la jirani. Alikuwa hajamaliza kuvuna." Asubuhi tulikwenda kutazama. Nyayo zilikuwa kubwa kama nyungo, na mpunga ulikuwa umelazwa chini na kukanyagwa. Mwenye shamba alikuwa amelala katika dungu siku nyingi akilinda. Usiku mmoja tu usingizi ulimshinda. Alisema mpunga ule ulikuwa karo ya mwanawe. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, lakini kifuta jasho si shamba.

Binti yetu alikuwa amepata jibu la swali lake, nalo halikuwa jibu alilolitazamia. Akamwuliza mwalimu, "Basi mwawachukia tembo?" Mzee akamjibu kwamba mambo si mepesi hivyo. Vijiji vya Idodi na Pawaga vilijiunga kutunza pori lao pamoja, katika jumuiya iliyopewa jina la MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Maliasili Idodi na Pawaga, ili mapato ya wageni na ya uwindaji yafike vijijini. Tena watu hujaribu njia za kuwazuia tembo bila kuwaua: wengine hutundika mizinga ya nyuki katika uzio, kwa kuwa tembo huogopa nyuki, na asali huuzwa, wengine hutundika vitambaa vilivyopakwa oili chafu na pilipili. Akamaliza, "Tembo ni mali ya nchi nzima, lakini huja kula kwangu."

Jioni ya mwisho tuliketi uani na majirani. Mama mmoja alikuwa akizungumza habari za tembo, kisha akasema, "Tembo huja usiku, nasi twamfukuza kwa debe. Lakini magari ya wageni huja mchana, yakimwaga vumbi juu ya mahindi niliyoyaanika. Nainua mkono wapunguze mwendo, wao wanipungia."

Hatukujua kama ndiye yule mama au la. Tulitazama chini. Lakini mtoto wetu mdogo, asiyejua kuficha, akasema mbele ya watu wote, "Bibi, hata sisi mwaka jana tulipita hivyo. Tulidhani watusalimu."

Pakawa kimya. Tuliona haya, tukamwomba radhi. Mama yule akamtazama mtoto kwa muda, akasema, "Leo mmesimama." Kisha akampa ungo wake, akamwonyesha namna ya kuutikisa ili pumba zitoke mbele na mchele ubaki.

NDANI YA HIFADHI

Siku ya hifadhi ilikuwa moja tu, nayo ilitosha. Hifadhi ya Ruaha ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 2008 iliongezewa pori la Usangu, ikazidi kilomita za mraba 20,000. Jina lake latokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto. Ni mahali ambapo mimea ya kusini na ya mashariki hukutana. Kwa hiyo tandala mkubwa na tandala mdogo wote wapo, na palahala na korongo pia. Tuliwaona tembo kumi na wawili wakivuka mto, na safari hii maji yalikuwapo, yakitiririka juu ya mawe. Mdogo wetu aliwahesabu viboko, akasema, "Bado hatujayamaliza maji yao." Binti yetu hakupiga kelele alipowaona tembo, kama alivyofanya mwaka wa kwanza. Aliwatazama kwa muda mrefu, akauliza usiku watakwenda upande gani.

MASHAURI KWA WENYE NYUMBA

Basi, ndugu zetu, ikiwa mwataka kwenda na watoto wenu, haya ndiyo tuliyojifunza. Anzeni na maswali ya watoto kabla ya hesabu za gari. Siku zikiwa chache, punguzeni mahali pa kwenda, msiongeze mwendo. Ulizeni ada za hifadhi mapema, maana hubadilika. Msioge katika maji yaliyotuama, kwa ajili ya kichocho, wala msikaribie mto wenye mamba na viboko. Kodini kiongozi wa kijiji kile kile, mkanunue mchele na asali kwa waliovuna wenyewe. Mkifika kwa watu, ombeni ruhusa, salimuni kwa lugha yao, mkashike kazi iliyo mbele yao.

Na mkiona mkono umeinuliwa kando ya njia, punguzeni mwendo kwanza, ndipo mpunge.

Sisi tumekwisha kuanza kibubu cha mwaka ujao. Mama mwenyeji ameagiza kwamba mdogo wetu arudi wakati wa mavuno, kwa kuwa bado hajajua kupepeta vizuri. Kwaherini.